Kahawa ya Kukausha na Ganda Lake: Piga Hesabu Kabla ya Kuanika

Leo tunapanda mlimani, kwa wakulima wadogo wa kahawa. Hata kama huna mti mmoja wa kahawa, usiondoke. Somo hili ni la yeyote ambaye pesa yake inabidi ingoje: mfugaji wa nyuki, mkulima wa avokado, fundi anayetengeneza fanicha kwa oda.

Hebu tuanze na picha. Ni Novemba, kwenye miteremko ya Kirinyaga. Matunda ya kahawa yameiva, mekundu kama damu. Mama mkulima amechuma na watoto wake tangu asubuhi. Sasa ana njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni broka aliyesimama na pikipiki pale njia panda. Analipa leo, mkononi, lakini bei yake ni ya kutupa, na mara nyingi hana leseni. Ya pili ni kiwanda cha chama cha ushirika. Karani anapima, anaandika, anatoa risiti, na pesa inakuja baadaye kahawa ikishauzwa. Ya tatu ni mpya kwa wengi: kuyaanika matunda hivyo hivyo, na ganda lake, kwenye vitanda vilivyoinuliwa, kisha kuiuza kama kahawa maalum. Wanunuzi wa nje huiita "natural".

Njia ya tatu inasifiwa sana siku hizi. Unasikia ati kilo moja inauzwa mara mbili, mara tatu. Kuna ukweli hapo. Lakini kuna wakulima wanaoianza kwa furaha na kuimaliza kwa deni. Tofauti kati ya hao wawili mara nyingi haiko kwenye kahawa. Iko kwenye hesabu ya pesa iliyofanywa, au haikufanywa, kabla ya tunda la kwanza kuanikwa.

Mbuni na "natural" si kitu kimoja

Kahawa nyingi ya Kenya huoshwa. Kiwandani matunda humenywa, huchachuliwa ili utelezi utoke, huoshwa kwa maji mengi, kisha huanikwa. Ndiyo njia iliyoipa kahawa yetu jina duniani, pamoja na aina za SL28 na SL34, na baadaye Ruiru 11 na Batian.

Kahawa ya kukaushwa na ganda nayo si ngeni. Mkulima yeyote wa Nyeri, Murang'a, Embu au Kisii anaijua mbuni. Ni yale matunda yaliyobaki mtini, yaliyoanguka, yaliyochelewa, yaliyokaukia popote. Huuzwa bei ya chini, na sokoni ina madaraja yake mawili: MH, yaani mbuni nzito, na ML, yaani mbuni nyepesi.

Sasa swali linakuja lenyewe. Kama zote mbili zimekauka na ganda, mbona moja inauzwa bei ya chini na nyingine bei ya juu?

Jibu ni moja: uangalizi. Mbuni ya kawaida ni mabaki. Kahawa maalum ya kukausha na ganda ni matunda bora kabisa, yaliyochaguliwa moja moja, yakaanikwa kwa uangalifu wiki tatu, nne au zaidi. Tunda likikauka polepole na utamu wake, punje ndani hupata ladha ya matunda, mara nyingine karibu na mvinyo. Ethiopia na Yemen wamekausha kahawa hivi tangu zamani, na Brazil kahawa yao nyingi ni ya njia hii hii.

Waonjaji hutumia mizani ya pointi 100. Kahawa ikipata 80 kwenda juu, inaitwa kahawa maalum. Ikianguka chini ya hapo, jasho lako lote linarudi kuwa mbuni. Kumbuka sentensi hiyo, tutairudia kwenye hesabu.

Kazi yenyewe ikoje?

Ili upige hesabu vizuri, lazima ujue pesa inatokea wapi. Tuangalie hatua kwa hatua.

Kuchuma. Ni matunda mekundu tu. Ya kijani, yenye manjano nusu na yaliyokauka mtini yanatengwa. Kazi inakuwa ya polepole, na kibarua anayelipwa kwa debe atataka kuongezwa kidogo.

Kuelesha. Matunda yanamwagwa kwenye maji. Yanayoelea ni mepesi au yameliwa na wadudu, yatoe. Yaliyozama ndiyo mazuri. Maji yanayohitajika ni machache sana ukilinganisha na kahawa ya kuoshwa, na hiyo ni faida kubwa mahali mito inapungua.

Kuanika. Usianike chini, kahawa hunusa udongo. Inataka kitanda cha mbao na wavu, kilichoinuka kiasi cha kiuno, hewa ipite juu na chini. Siku za kwanza tandaza wembamba, tunda kando ya tunda. Zigeuze mara nyingi mchana. Jua la saa sita likiwa kali, weka kivuli. Jioni na wakati wa mvua, funika.

Kungoja. Hapa ndipo watu hushindwa. Msimu mkubwa wa Mlima Kenya, Oktoba hadi Desemba, unakutana na mvua za vuli. Siku mbili za mvua bila kufunika vizuri, ukungu unaingia. Ukungu huharibu ladha, na pia unaweza kuacha sumu iitwayo okratoksini, ambayo nchi za Ulaya zimeiwekea kikomo. Mnunuzi akiikuta, mzigo haupiti.

Kumaliza. Tunda likikauka vizuri, ukilitikisa unasikia punje ikigonga ndani. Lakini sikio halitoshi. Unyevu wa punje unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 12, na hupimwa kwa kipimo. Kikundi au kiwanda kinaweza kuwa na kimoja kwa wote. Baada ya hapo kahawa huwekwa kwenye gunia, ikapumzika wiki kadhaa, ndipo ipelekwe kwenye kinu cha kukoboa.

Hesabu ya kilo 300

Sasa toa kalamu. Hesabu hii ni ya kujifunzia. Bei ya kwako ni tofauti, kwa hivyo badilisha namba zetu uweke zako.

Mama wetu wa Kirinyaga ana kilo 300 za matunda. Baada ya kuchagua na kuelesha, kilo 30 zinatolewa. Zinabaki 270.

Tuseme chama chake kitamlipa Sh100 kwa kilo ya matunda mwisho wa msimu. Zile kilo 270 zingempa:

270 × 100 = Sh27,000

Hiyo ndiyo pesa anayoiacha akiamua kuanika. Wengi huisahau. Wanahesabu gharama za kitanda tu, kana kwamba matunda ni ya bure. Matunda si ya bure. Yana bei pale kiwandani.

Sasa gharama za kuanika:

Vitanda, mbao, wavu, kivuli na karatasi ya kufunika: Sh18,000. Vitadumu misimu 3, kwa hivyo msimu mmoja ni Sh6,000.
Kazi ya kuchagua na kuelesha: Sh1,500.
Kugeuza na kufunika, siku 25 kwa Sh200: Sh5,000.
Magunia yenye mfuko wa ndani usiopitisha hewa: Sh1,000.
Usafiri na kukoboa: Sh3,000.

Jumla ni Sh16,500.

Labda utasema, "Lakini nitageuza mwenyewe, sitamlipa mtu." Sawa, lakini siku hizo 25 ungefanya nini kingine? Kama ungeenda kibarua au kuuza maziwa, basi saa zako zina bei. Ziandike.

Jumlisha sasa pesa aliyoiacha kiwandani na gharama:

27,000 + 16,500 = Sh43,500

Kilo 270 za matunda zikikauka na kukobolewa, tuseme zinatoa kilo 45 za kahawa safi, yaani kilo 6 za matunda kwa kilo 1 safi. Gawanya:

43,500 ÷ 45 = karibu Sh967

Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote kwenye somo hili. Chini ya Sh967 kwa kilo safi, mama huyu angepata zaidi kwa kupeleka matunda kiwandani na kulala usingizi wake. Mtu akimwambia "nitakupa Sh800, bei nzuri sana hiyo," sasa ana jibu. Bila hesabu angefurahi, maana Sh800 inasikika kubwa kando ya Sh100. Kumbe moja ni bei ya kilo ya matunda, nyingine ni ya kilo safi iliyokobolewa.

Akipata Sh1,200 kwa kilo:

45 × 1,200 = Sh54,000. Ukitoa 43,500, faida ni Sh10,500.

Ni pesa nzuri. Lakini tuseme mvua ilimkuta, na thuluthi ya kahawa ikaingia ukungu. Kilo 30 zinauzwa Sh1,200, nazo kilo 15 zinauzwa kama mbuni kwa Sh400:

36,000 + 6,000 = Sh42,000

Amepungukiwa na Sh1,500. Ameanika mwezi mzima ili apate kidogo kuliko kiwandani. Ile sentensi kuhusu pointi 80 ndiyo hii: ukikosea hatua moja, unarudi kwenye bei ya mbuni, na gharama zako zimeshatoka.

Faida ni kitu kimoja, pesa mkononi ni kitu kingine

Kuna mtego mwingine ambao hesabu ya faida haiuonyeshi.

Tulisema vitanda ni Sh6,000 kwa msimu. Lakini fundi wa mbao hakubali kulipwa kwa misimu mitatu. Anataka Sh18,000 zake sasa. Kwa hivyo msimu wa kwanza pesa inayotoka mfukoni ni:

18,000 + 1,500 + 5,000 + 1,000 + 3,000 = Sh28,500

Na zote zinatoka kabla shilingi moja haijarudi. Itarudi lini? Matunda yamechumwa katikati ya Novemba. Yanakauka hadi katikati ya Desemba. Yanapumzika, yanakobolewa, sampuli inaonjwa, mnunuzi anakubali au anakataa. Ukipata malipo Machi, umeenda vizuri. Ni miezi minne.

Katikati ya miezi hiyo minne kuna Krismasi. Kuna karo ya Januari. Kuna mtoto kuugua usiku.

Sasa fikiria siku ya 12. Matunda yako kitandani, bado ni mabichi ndani, yananukia vizuri. Simu inalia: shule inataka karo, au mzee amelazwa. Nyumbani hakuna akiba. Broka anajua, maana kijijini hakuna siri. Anakuja jioni: "Mama, nitayachukua yalivyo." Anatoa bei ya mbuni, au chini yake, na unakubali kwa sababu huna la kufanya. Vitanda umelipa, kibarua umelipa, na matunda ambayo yangekupa Sh27,000 kiwandani yameenda kwa pesa ya dharura.

Hapo kahawa haikuharibika. Ni mpango wa pesa ulioharibika. Hii ndiyo hasara tunayotaka uikwepe.

Na mkopo wa simu? Unasaidia ukiutumia kwa kitu kinachorudisha pesa haraka. Lakini mkopo wa siku 30 haufai kwa kahawa ya siku 120. Tuseme umekopa Sh15,000 kwa ada ya asilimia 8 kwa mwezi. Mwezi mmoja ni Sh1,200. Ukiusongeza mbele hadi miezi minne, ni Sh4,800. Ile faida yako ya Sh10,500 imebaki Sh5,700, na hiyo ni kama mvua haikunyesha. Kabla ya kukopa, uliza: pesa itarudi lini, na mkopo unadai lini? Tarehe zisipolingana, acha.

Kwa mwanachama wa ushirika, kuna pia malipo ya awali ya matunda kupitia mfuko wa serikali unaosimamiwa na New KPCU. Lakini hayo yanatolewa kwa matunda uliyopeleka na yakaandikwa. Yale uliyoanika nyumbani hayamo kwenye daftari la kiwanda. Uliza masharti kwa karani wako kabla ya msimu, si siku ya shida.

Gawa mavuno, gawa na pesa

Ushauri wetu ni rahisi: anika tu kile unachoweza kungoja.

Anza na mahitaji ya lazima kuanzia Novemba hadi Machi. Karo, chakula, matibabu, mbolea. Andika jumla. Matunda ya kugharamia mahitaji hayo yaende kiwandani, yasiguse kitanda. Kinachobaki ndicho unaweza kujaribia. Kwa msimu wa kwanza, kitanda kimoja na debe chache zinatosha. Ukikosea, utakuwa umelipa karo ndogo ya kujifunza.

Kisha gawa pesa kwenye simu mafungu matatu:

Fungu la kazi. Ni pesa ya vibarua, magunia na usafiri. Iweke kando kabla ya kuanza kuchuma. Kwa mfano wetu, kazi ya kugeuza ni Sh5,000. Ikiwa haipo yote, usianze, kwa sababu siku kibarua asipolipwa ndiyo siku kahawa haitageuzwa.

Fungu la dharura. Hili ndilo linalomfukuza broka siku ya 12. Liweke kwenye akiba ya simu, au akaunti uliyofunga kwa muda, ambako kulitoa kunachukua dakika kadhaa za kufikiria.

Fungu la nyumbani. Matumizi ya kila siku. Likiisha, limeisha, usiguse hayo mengine mawili.

Ukiwa na laini ya biashara au namba ya till, itumie kwa mambo ya kahawa tu. Vibarua walipe kwa simu badala ya noti. Si kwa sababu sisi ni kampuni ya malipo. Ni kwa sababu kila ujumbe wa malipo ni ukurasa wa daftari. Mwisho wa msimu unaomba taarifa ya miamala, na gharama zako zote zipo na tarehe zake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi nusu ya daftari liko ndani ya simu yako.

Nusu nyingine ni ya kuandika kwa mkono. Simu inajua umelipa Sh200. Haijui kwamba siku hiyo mvua ilinyesha saa nane na ukafunika ukachelewa. Kwa kila mzigo, andika tarehe ya kuchuma, kilo, kitanda, hali ya hewa, na unyevu wa mwisho. Mnunuzi wa kahawa maalum atakuuliza hayo. Mkulima mwenye majibu anasikilizwa bei.

Usiuze peke yako

Rudi kwenye mfano. Mama wetu ana kilo 45 safi. Gunia la kuuza nje ni kilo 60. Hajafikisha hata gunia moja. Hakuna mnunuzi wa mbali atakayepanda mlima kwa hilo.

Halafu kuna sheria. Kahawa ni zao linalosimamiwa. Kuisafirisha kunahitaji kibali, na anayenunua, anayekoboa na anayeuza kwa niaba yako anapaswa kuwa na leseni. Ukikutwa njiani na magunia bila karatasi, unaweza kupoteza mzigo wote. Na kama wewe ni mwanachama wa ushirika, soma katiba ya chama. Vyama vingi vinataka matunda yote yaende kiwandani, kwa hivyo kuanika kimya kimya nyuma ya nyumba kunaweza kukuletea matatizo.

Njia iliyo salama zaidi ni kukishawishi kiwanda chenyewe. Kiwanda kina mizani, vitanda, kipimo cha unyevu, mlinzi wa usiku, na njia halali ya kufika sokoni. Kwenye mkutano mkuu, uliza: je, tunaweza kutenga vitanda vinne msimu huu kwa kahawa ya kukausha na ganda? Nani atanunua? Wenye kuleta matunda yaliyochaguliwa wataongezwa kiasi gani?

Mkiwa wakulima kumi kama mama wetu, mna kilo 450, magunia saba na nusu. Sasa mna kitu cha kuongea.

Lakini angalia pesa yenyewe. Kilo 450 kwa Sh1,200 ni Sh540,000. Pochi ya kawaida ya simu hapa Kenya haibebi zaidi ya Sh500,000, na muamala mmoja hauzidi Sh250,000. Kwa hivyo ile tabia ya "tuma kwa simu ya mwekahazina, atatugawia" haiwezekani, na hata ingewezekana haifai. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watu watatu wa kuidhinisha. Malipo yaingie huko, kisha kila mmoja atumiwe chake kwenye simu yake, kwa kilo zake, siku hiyo hiyo. Orodha ya kilo na ya pesa zisomwe pamoja mbele ya wote.

Kahawa inayouzwa kupitia Soko la Kahawa la Nairobi ina mfumo wake: tangu 2023 malipo hupitia utaratibu wa malipo ya moja kwa moja, ambako pesa ya mnunuzi hugawanywa kwa wanaohusika bila kuzunguka mikononi mwa watu wengi. Hakikisha chama chako kina jina lako kamili, namba ya kitambulisho na namba ya simu unayotumia sasa. Wengi huchelewa kulipwa kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya laini waliyoacha zamani.

Mkipata mnunuzi wa moja kwa moja, kubalianeni kwa maandishi kabla ya kuanika: bei kwa kilo safi, siyo kilo ya matunda, nani analipa kukoboa, malipo ni siku ngapi baada ya sampuli kukubaliwa, na nini kitatokea kahawa isipofikisha pointi. Ombeni malipo ya awali. Mnunuzi anayeweka sehemu ya pesa mwanzoni anabeba nanyi sehemu ya mvua.

Wezi nao wanasubiri mavuno

Msimu wa kahawa ni msimu wa matapeli. Jifunze ishara hizi.

"Mnunuzi wa ng'ambo" anayetaka ada. Amekuona mtandaoni, anataka magunia 50 kwa bei tamu, lakini kwanza utume Sh3,000 za usajili au cheti. Mnunuzi hulipa muuzaji. Akitaka umlipe yeye kwanza, mkatie simu.

Ujumbe wa malipo wa uongo. Gari limefika, ujumbe umeingia, "umepokea Sh54,000", dereva ana haraka. Usiusome ujumbe tu. Ingia kwenye menyu yako mwenyewe, angalia salio. Kama pesa haipo, gunia halipandi.

Malipo yanayorudishwa. Pesa imeingia kweli, kahawa imeondoka, kisha mtu anaomba muamala ubatilishwe ati alituma kimakosa. Pakia mzigo ukiwa na hati iliyosainiwa yenye kilo, bei na namba ya muamala. Ukipata taarifa ya kubatilisha, piga huduma kwa wateja mara moja na utoe ushahidi huo.

"Mimi ni wa kampuni, nipe nambari ya siri." Sisi hatuiulizi kamwe. Wala kiwanda, wala benki. Hata kijana wako anayekusaidia na simu hafai kuijua.

Zoezi la wiki hii

Kabla hujanunua mbao hata moja, jibu maswali haya matano kwenye karatasi:

1. Kiwanda changu kililipa shilingi ngapi kwa kilo msimu uliopita?
2. Gharama zangu zote za kuanika ni ngapi, pamoja na siku zangu mwenyewe?
3. Kwa hivyo bei yangu ya chini kabisa kwa kilo safi ni ngapi?
4. Mahitaji ya nyumbani kuanzia Novemba hadi Machi ni ngapi, na yatatoka wapi?
5. Nani atanunua, na amesema hivyo kwa maandishi?

Ukijibu yote matano, na la tano likiwa na jina la mnunuzi mwenye leseni, anika. Ukishindwa la nne au la tano, peleka matunda kiwandani msimu huu na uanze kuweka akiba ya vitanda vya mwaka kesho. Hujapoteza chochote. Mti bado upo.

Na siku utakapoanika, broka akija jioni ya siku ya 12, utamkaribisha chai kama jirani. Atakunywa, mtaongea habari za mvua, ataenda zake. Matunda yatabaki kitandani, yakikauka polepole, kwa sababu karo ilishalipwa.